Peter na Sungura: Uchambuzi wa Kisa cha Woga Uliopungua Hatua kwa Hatua

Mwaka 1924 mtafiti wa saikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha taarifa ya mtoto wa kiume aliyemwita Peter, ambaye uchunguzi wake ulipoanza mjini New York alikuwa na umri wa miaka 2 na miezi 10. Mtoto huyo alikuwa na afya njema, na akili yake ilipopimwa ilionekana kuwa ya kawaida kabisa. Hata hivyo, akiona panya mweupe alipiga mayowe, na woga huo ulikuwa umesambaa hadi kwa sungura, koti la manyoya, unyoya wa ndege na hata pamba. Vipande vya mbao na vitu vya kuchezea vya aina hiyo havikumtisha. Taarifa yenyewe ni fupi, na kwa miongo kadhaa haikuzingatiwa sana, hadi pale madaktari na wanasaikolojia walipoanza kutafuta chimbuko la tiba inayomsogeza mtu kidogo kidogo karibu na kile anachokiogopa.

Ninakichambua kisa hiki kwa sababu kinaonyesha woga ukipungua kwa namna unavyopungua kweli: kwa hatua ndogo zisizolingana, nyingine za kushangaza, nyingine zikafutwa na tukio moja la bahati mbaya. Masimulizi mengi ya ujasiri huruka sehemu hiyo. Hutuonyesha mtu akitetemeka, kisha humwonyesha akiwa ameshinda, na msomaji anayetetemeka hubaki bila kujua afanye nini kati ya hali hizo mbili. Jones aliandika kilichotokea katikati, pamoja na siku ambazo kazi yake ilirudi nyuma, na kwangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya taarifa yake.

Miaka minne kabla ya hapo, wanasaikolojia wa Marekani John Watson na Rosalie Rayner walikuwa wamechapisha jaribio lao juu ya mtoto mchanga waliyemwita Albert. Walimwonyesha panya mweupe, na kila alipomgusa waligonga chuma kwa nyundo nyuma ya kichwa chake, mpaka akaanza kulia kwa kumwona panya tu. Woga huo ulisambaa kwa sungura, mbwa na koti la manyoya, na Albert akaondoka hospitalini bila mtu yeyote kujaribu kuuondoa. Kwa vipimo vya leo jaribio hilo halikubaliki, na nadhani hata kwa vipimo vya wakati ule lilipaswa kuwakosesha usingizi waliolifanya. Jones, aliyekuwa rafiki wa Rayner tangu walipokuwa wanafunzi katika chuo cha Vassar, alimsikiliza Watson akieleza kazi hiyo katika mhadhara, na swali lililombakia lilikuwa la upande wa pili: ikiwa woga unaweza kufundishwa, je, unaweza kuondolewa? Alipomkuta Peter, ambaye woga wake ulifanana mno na wa Albert ingawa hakuna aliyejua ulikotoka, alipata nafasi ya kuendelea kutoka pale kazi ya Watson ilipoishia, naye Watson akawa mshauri wake.

Kabla ya kumfuata Peter chumbani, inafaa kujua njia ambazo Jones alizijaribu kwa watoto wengine na zikashindwa, kwa kuwa ni njia zilezile tunazozitumia sisi kwa watoto wetu na kwa nafsi zetu. Njia ya kwanza ni kungoja. Mtoto alitengwa na kitu alichokiogopa kwa majuma kadhaa kwa matumaini kwamba woga utajiishia, na alipokutanishwa nacho tena alilia vilevile. Njia ya pili ni maneno. Msichana mmoja aliyekaribia umri wa miaka mitano aliongeleshwa habari za sungura kila siku kwa juma zima, kwa hadithi na picha, hata mwishoni akawa anadai kwamba alikwisha kumshika na kumpapasa sungura, jambo ambalo halikuwa limetokea. Alipoletewa sungura wa kweli, woga wake ulikuwa haujapungua hata kidogo. Njia ya tatu, ya kumcheka na kumsimanga mtoto mwoga mbele ya wenzake, haikusaidia, na ilielekea hata kuuzidisha woga wenyewe. Wale wanaomwambia mtu mwenye hofu ajikaze au ajipige moyo konde, kisha wakamwona mpumbavu anaposhindwa, wangefanya vizuri kumkumbuka msichana huyo: alikuwa na maneno yote ya ujasiri kinywani, na hakuwa amepiga hatua hata moja kuelekea kwa sungura.

Siku ya kwanza ya uchunguzi Peter alikuwa akicheza katika kitanda chake cha kitoto. Panya mweupe alipoingizwa humo, mtoto alipiga mayowe na kuanguka chali. Waliomwangalia wakamtoa, wakamketisha kitini, kisha wakamleta msichana mdogo aitwaye Barbara, ambaye alimchukua panya mkononi bila wasiwasi wowote. Peter alitulia akawatazama. Shanga zake zilikuwa zimebaki kitandani, na kila panya alipozigusa alilalamika kwamba shanga ni zake, ilhali Barbara alipozigusa hakusema neno. Alipoalikwa kushuka kitini alitikisa kichwa. Zilipita dakika 25 ndipo akawa tayari kucheza kwa uhuru.

Mtu anayetafuta ushindi katika tukio hilo hataona kitu, kwa kuwa mtoto alikataa kushuka. Hata hivyo, kilichotokea katika dakika hizo kina uzito wake: Peter alikaa chumba kimoja na kitu alichokiogopa, akakitazama, akaweza hata kufikiria juu ya mali yake mwenyewe, na hakuna aliyemshika mkono kumvuta. Aliruhusiwa kukataa. Ninaamini ruhusa hiyo ndiyo iliyofanya kazi yote iliyofuata iwezekane, maana mtoto aliyelazimishwa siku ya kwanza huiogopa siku ya pili kabla haijafika.

Uchunguzi ulipoendelea ilibainika kwamba Peter alimwogopa sungura kuliko panya, kwa hiyo Jones akaamua kufanya kazi na sungura. Kila siku Peter alichezeshwa pamoja na watoto wengine watatu waliochaguliwa kwa sababu hawakuwa na woga wowote wa mnyama huyo, na kwa sehemu ya muda wa mchezo sungura alikuwapo. Mara kwa mara Peter aliletwa peke yake ili ionekane hali yake imefikia wapi. Katika vipindi saba vya mwanzo alitoka kwenye woga mkubwa hadi kutojali, na hata akampapasa sungura mgongoni kwa hiari yake alipowaona wenzake wakifanya hivyo.

Kisha Peter akaugua homa ya skaleti, akalazwa hospitalini, na kazi ikasimama kwa karibu miezi miwili. Siku ya kurudi, yeye na muuguzi wake walipokuwa wakiingia katika teksi mlangoni pa hospitali, mbwa mkubwa aliyekuwa akipita mbio aliwarukia. Wote wawili walishtuka sana. Peter alilala kwenye kiti cha teksi akiwa amepauka na kimya, kiasi kwamba muuguzi alijiuliza kama asimrudishe wodini. Alipokutanishwa tena na sungura, woga ulikuwa umerudi pale ulipoanzia, kana kwamba vile vipindi saba havikuwahi kuwapo.

Hapa ndipo kisa kinapoanza kutufaa kweli, kwa sababu karibu kila mtu anayejaribu kuushinda woga hufika mlangoni pa teksi hiyo. Jones alilipima tukio lenyewe kwa haki. Alieleza kwamba mtoto alikuwa mgonjwa, mahali pageni, karibu na mtu mzima ambaye naye aliogopa, na kwamba mafunzo aliyokwisha kuyapata hayangeweza kumkinga na mshtuko wa namna hiyo. Hakusema kwamba mtoto ni dhaifu wala kwamba mbinu haina maana. Aliyatenganisha mambo mawili ambayo mtu aliyerudi nyuma huyachanganya: tukio lililomwangusha, na hukumu juu ya uwezo wake.

Maarifa mengine yamempa haki. Mwanasayansi wa Urusi Ivan Pavlov, katika kazi yake na mbwa, alikwisha kuonyesha kwamba itikio lililofifishwa linaweza kujitokeza tena baada ya muda kupita, na tafiti nyingi za miongo ya karibuni zinaelekea kukubaliana kwamba woga wa zamani haufutwi. Mtu hujifunza jambo jipya linaloshindana nao, na jambo hilo jipya hufungamana sana na mahali na mazingira lilipopatikana. Peter alijifunza utulivu katika chumba cha michezo, miongoni mwa watoto watatu aliowazoea, akiwa mzima wa afya. Mlango wa hospitali haukuwa na hata kimoja cha vitu hivyo. Anayeelewa hivyo hatashangaa mtu aliyekwisha kuzoea kuendesha gari katika mtaa wao anaposhikwa na hofu upya kwenye barabara kuu, wala hatamwambia kwamba mazoezi yake yote yamepotea bure.

Jones alianza upya, lakini hakurudia kile kile. Safari hii Peter aliketishwa katika kiti kirefu cha kulia, akapewa chakula anachokipenda, na sungura aliyekuwa ndani ya kizimba cha waya akaletwa karibu kadiri ilivyowezekana bila kukatiza ulaji wa mtoto. Kipimo cha umbali kilikuwa mdomo wake. Mradi aliendelea kula, sungura alikuwa mahali panapostahili. Mara nyingine watoto wengine waliletwa pia, ili mfano wao usaidie.

Jambo hilo la chakula limeeleweka vibaya mara nyingi, likachukuliwa kama hongo. Jones mwenyewe alionya kwamba njia hii inahitaji uangalifu mkubwa, kwa kuwa inagusa mambo mawili kwa wakati mmoja: raha inayotokana na chakula na hofu inayotokana na mnyama. Mnyama akiletwa karibu kwa pupa, mambo yanaweza kugeuka, na mtoto akajifunza kuogopa chakula badala ya kumpenda sungura. Kwa hiyo udogo wa hatua haukuwa huruma tu. Hatua kubwa mno ingemfundisha Peter kinyume cha kilichokusudiwa, na ndivyo inavyotokea kwa mtu mzima anayeogopa kusema mbele za watu, akasukumwa kuhutubia ukumbi mzima siku ya kwanza, naye akaondoka na uthibitisho mpya kwamba jukwaa ni mahali pa kuaibikia.

Jones aliorodhesha viwango 17 vya uvumilivu ambavyo Peter alivipitia. Cha chini kabisa ni pale sungura akiwa popote chumbani ndani ya kizimba anapoamsha woga. Kisha anavumiliwa akiwa umbali wa futi 12, halafu futi 4, halafu futi 3, halafu akiwa karibu kabisa lakini kizimbani, halafu akiwa huru chumbani. Baada ya hapo Peter anamgusa akiwa ameshikwa na mtafiti, kisha anamgusa akiwa huru. Juu zaidi, sungura anaruhusiwa kwenye meza ya kiti cha kulia, Peter anachuchumaa kando yake bila kinga, anasaidia kumbeba kumrudisha kizimbani, anampakata, anabaki naye peke yao chumbani, anamruhusu ndani ya uzio wake wa kuchezea, anampapasa kwa upendo, na mwisho kabisa anamwachia amtafune-tafune vidole.

Nimeruka kiwango kimoja makusudi, kwa kuwa kinahitaji kukaliwa. Kati ya kumgusa sungura aliye huru na kumruhusu mezani, Jones aliandika kwamba Peter alimkaidi sungura kwa kumtemea mate, kumrushia vitu na kumwigiza. Mlezi yeyote mwenye adabu angemkemea mtoto kwa tabia hiyo. Jones aliihesabu kuwa hatua ya kupanda, na aliiweka juu ya kile kiwango cha kugusa. Ukitafakari, utaona alikuwa sahihi: mtoto anayetema mate na kurusha vitu hakimbii tena. Amegeuka akamkabili mnyama, ingawa kwa namna isiyopendeza, na yule aliyekuwa akimwogopa amekuwa kitu anachoweza kukifanyia jambo. Watu wazima nao wana kiwango hiki. Mwanamke aliyeogopa kwa miaka kusimama katika kikao cha wazazi shuleni huenda, mara ya kwanza anapothubutu, akasema kwa ukali kupita kiasi, sauti ikitetemeka, hoja ikiwa nusu. Waliomzunguka watakumbuka ukali, na yeye atarudi nyumbani akijilaumu. Kwenye orodha ya Jones mwanamke huyo amepanda, na kinachotakiwa ni asiache kuja kwenye kikao kinachofuata.

Kuna jambo lingine katika orodha hiyo ambalo wanaoinakili hulisahau. Jones hakuipanga mapema kisha akampandisha mtoto juu yake. Aliipata kwa kuangalia Peter alifanya nini, na akasema wazi kwamba orodha haionyeshi kama nafasi kati ya kiwango na kiwango ni sawa au si sawa. Baadaye Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini ambaye mwaka 1958 alieleza kwa kina tiba yake ya kuzoesha wagonjwa kwa utaratibu, aliwataka wagonjwa wapange vitisho vyao mapema kuanzia chepesi hadi kizito, na ni Wolpe huyohuyo aliyemwita Jones mama wa tiba ya tabia. Kupanga mapema kuna faida zake, nami nisingependa mtu aanze bila mpango wowote. Lakini anayepanga asishangae mwili wake ukifuata mpangilio mwingine, ukaruka hatua mbili kwa siku moja na kukwama kwenye ile aliyoidhani nyepesi. Mchoro wa maendeleo ya Peter haukuwa mstari ulionyooka. Ulipanda, ukashuka, ukapanda tena.

Mteremko mmoja una sababu inayojulikana. Peter alipokuwa akisaidia kumbeba sungura kumrudisha kizimbani, alikwaruzwa kidogo na mnyama huyo. Woga ukamrudia, safari hii ukiwa na ushahidi halisi, maana sungura alikuwa amemuumiza kweli. Ukiulinganisha na ule wa teksi utaona tofauti: baada ya mkwaruzo alikipata haraka alichokipoteza. Naona sababu mbili. Mkwaruzo ulitokea katika mazingira yaleyale aliyojifunzia utulivu, miongoni mwa watu aliowazoea, na haukutanguliwa na miezi miwili ya kutokuwapo. Aliyeumizwa na jambo analojaribu kulizoea, akarudi mapema kwenye hatua iliyo chini kidogo ya pale alipoumizwa, ana nafasi nzuri kuliko yule anayesubiri mpaka asahau maumivu, kwa sababu kusubiri, kama ilivyoonekana kwa wale watoto waliotengwa na walichokiogopa, hakuponyi woga.

Upande wa kupanda nao uliguswa na watu. Alikuwapo mwanafunzi msaidizi ambaye taarifa inamtaja kama Daktari S., ambaye Peter alimpenda mno hata akasisitiza kwamba huyo ni baba yake. Daktari S. hakumfundisha mtoto lolote kuhusu sungura. Kuwapo kwake chumbani kuliambatana na maendeleo makubwa. Hapa mtu mwenye kutaka ushahidi safi wa kisayansi ana haki ya kulalamika, kwa kuwa chakula, mfano wa watoto wengine na upendo kwa mtu fulani vilichanganyika, na kwa mtoto mmoja tu haiwezekani kusema kipi kilifanya kazi kwa kiasi gani. Lalamiko hilo ni la kweli, na Jones hakuwa na kundi la kulinganisha. Kwa mtu anayetaka kusaidia, hata hivyo, mchanganyiko huo wenyewe ni taarifa: hakuna hatua hata moja kati ya zile 17 ambayo Peter aliipanda akiwa ameachwa ajitegemee tangu mwanzo. Kubaki peke yake na sungura kulikuja karibu na mwisho.

Matokeo yalipita matarajio. Katika mahojiano ya mwisho Peter alionyesha kumpenda sungura kwa dhati. Woga wa pamba, koti la manyoya na manyoya ya ndege, ambao haukuwa umeshughulikiwa moja kwa moja, ulikuwa umetoweka. Alivitazama, akavishika, akageukia mambo mengine. Panya naye alimtazama bila kulalamika. Alipoonyeshwa viumbe asiowazoea, yaani panya mdogo na fungu la nyungunyungu waliosokotana, alionyesha wasiwasi kidogo kwanza, kisha akawaangalia bila taabu, na hata akawa na moyo wa kuwalinda wale nyungunyungu. Yaani hakujifunza habari za sungura mmoja tu. Alipata namna ya kukaa na kitu kigeni mpaka wasiwasi wa kwanza upite.

Kinachonisumbua ni mahali alikorudi. Jones aliandika kwamba Peter alirejea katika nyumba yenye matatizo. Kipato hakikutosheleza, na mama yake alikuwa mtu aliyelemewa, ambaye hakuweza kumaliza mazungumzo bila kulia. Ili kumtawala mtoto alitumia vitisho, akimwita aingie ndani kwa kumwambia kwamba kuna mtu anataka kumwiba. Wazazi wetu wengi wamefanya hivyohivyo kwa zimwi, kwa askari polisi, kwa daktari mwenye sindano, bila nia mbaya, kwa kuwa kitisho hufanya kazi haraka na mzazi amechoka. Lakini mtoto aliyepandishwa viwango 17 kwa subira ya watu wengi alirudi kwenye nyumba inayomfundisha kwamba nje kuna wezi wa watoto.

Nusu karne baadaye, akiwa mzee aliyekwisha kutumia miaka mingi huko Berkeley, California, akifuatilia makuzi ya watu wale wale tangu ujana hadi utu uzima, Jones alieleza kwamba asingeridhika tena kuushughulikia woga wa mtoto wa miaka mitatu kana kwamba umesimama peke yake, mbali na mtoto mwenyewe na ugumu wa nafsi yake. Nakubaliana naye, na ningeongeza kwamba katika kisa cha Peter alikuwapo mtu wa pili aliyehitaji kuanzishwa kwenye futi 12. Mama yule hakuwa na kiti cha kulia, chakula anachokipenda wala Daktari S., na woga wake mwenyewe, ambao ndio aliokuwa akimgawia mwanawe, hakuna katika taarifa hiyo aliyeketi naye kuupunguza.